Kazi ya Mzazi

Kambi ya likizo, Mvumi, mwezi wa saba.
Upepo unaingia bwenini bila hodi,
unafunua madaftari, unabamiza milango,
unaacha vumbi jekundu juu ya mito
kama mgeni aliyesahau mzigo wake.

Nimekabidhiwa wasichana tisa na ufunguo mmoja.
MLEZI, inasema karatasi niliyobandikwa kifuani.
Nina miaka ishirini na mbili,
mwaka wa pili chuoni,
na soksi zangu mwenyewe sijazifua.

Asubuhi hisabati. Mchana Kiingereza cha kujieleza.
Usiku, baada ya ugali na mlenda,
tunakaa sakafuni kujifunza fomu:
fomu ya chuo, fomu ya mkopo,
fomu ya kuombea fomu.
"Herufi kubwa," nawaambia. "Usikate, usifute,
usijishushe, usijikweze."
Zamda wa Kondoa anauliza:
sasa hapo katikati pamebaki nini?
Wanacheka. Nacheka.
Sijamjibu mpaka leo.

Perisi Ndahani hasemi.
Katoka Chigongwe na ndoo yenye mfuniko na shuka moja.
Hesabu anazimaliza kabla sijafuta ubao,
kisha anatazama dirishani
kama mtu aliyeacha ng'ombe nje.

Usiku wa kumi na moja alinipa insha yake.
"Mama yangu anaponda kokoto.
Debe ni shilingi mia saba,
lakini debe la mnunuzi lina tumbo.
Hesabu nilianzia hapo."

Nikashika kalamu nyekundu.
Mungu anisamehe, nilitaka afike.
Juu ya maneno yake nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri:
"Mama yangu anajishughulisha na sekta ya ujenzi."
Akasoma. Akasema, "Asante, dada."
Asante ile ilikuwa na mchanga ndani.

Sikulala. Bati liligongagonga hadi alfajiri,
nami nikaikumbuka fomu yangu,
kisanduku cha sita, kazi ya mzazi,
nilivyojaza MKULIMA
kwa mkono ulionuka machicha.
Mama yangu, wa Kibaigwa, nyuma ya maghala ya mahindi,
mwenye mapipa matatu na benchi mbili,
aliyenilipia ada kwa noti zilizolowa pombe
nikazianika juu ya daftari la jiografia.
Hana hata tuta la mchicha.
Chuo kilinipokea, mimi na yule mkulima.
Mwaka wa pili huu naishi naye;
hajanipigia simu hata mara moja.

Nilitaka kumwambia Perisi.
Lakini kesho yake maji yalikatika,
keshokutwa Loi alishikwa na homa,
halafu ikaja wiki ya majaribio,
halafu mabasi.

Siku ya mwisho tulitoa magodoro juani,
tukayapiga kwa fimbo, vumbi likatutoka kama wezi.
Chini ya godoro la Perisi palikuwa na nakala.
Wino wangu mwekundu ulikatwa mstari mmoja, kwa rula,
na chini yake, herufi kubwa, kama nilivyofundisha:
MAMA YANGU ANAPONDA KOKOTO.
Pembeni, kwa penseli, padogo:
"Sentensi yako nzuri, dada. Ila mama hayumo."

Basi la Chigongwe lilikwishaondoka.
Nikakaa kwenye chuma cha kitanda kisicho na godoro,
nikapiga simu Kibaigwa.
"Sema kwa nguvu," mama akasema, "watu wanakunywa!"
Nikasema kambi imekwisha.
Nikasema nilikuwa na neno, lakini tuonane kwanza.
Nikasema, kwa nguvu, "Nimemaliza ulezi, mama!"

"Ulezi?" akasema. "Huku umepanda bei, mwanangu.
Kimea chenyewe kimeniishia.
Kama huko Mvumi upo wa nafuu,
niletee hata debe moja.
Angalia tu debe lao lisiwe na kitako cha ndani."